Honi Mbili Kutoka Shambani

Kengele ile ilikuwa na mlio wa chuma kizito, si ule mlio mtamu wa kengele ya kanisani. Ilining'inia juu ya mlingoti nyuma ya jikoni, na kamba yake ilikuwa imeshikwa miaka mingi mpaka ikalainika kama mkia wa ndama. Kila adhuhuri mama mwenye shamba aliivuta, na sauti ikatambaa juu ya mahindi hadi kule mwisho kusikoonekana. Tulikuwa tukingoja kidogo, ndipo honi ya pikapu ya mumewe inajibu kutoka mbali, mara mbili, yaani nimesikia, nakuja kula. Mimi nilikulia katikati ya sauti hizo mbili. Hata leo nikisikia chuma kikigongwa popote, masikio yangu hubaki yamesimama yakingoja honi.

Wazazi wangu walitoka Bungoma, Kenya. Watu wengi wa kwetu waliokuja Minnesota, Marekani, walibaki Minneapolis na vitongoji vyake, wakaingia kazi za kutunza wagonjwa na wazee. Baba alijaribu, akasema hawezi kazi ya mahali ambapo madirisha hayafunguki. Akasikia kuna mzee anayetafuta mtu anayejua ng'ombe, mwendo wa zaidi ya saa moja kutoka mjini, akaenda kumwona na hakurudi ila kutuchukua. Mzee huyo aliitwa Arvid. Alitupa nyumba ndogo iliyokuwa pembeni mwa ua wake, nyumba ya mbao iliyonukia maziwa na rangi ya zamani. Mkewe aliitwa Lorna, lakini Mama alikataa katakata nimwite mtu mzima kwa jina tupu. Akaniambia nimwite Kukhu, kama tunavyomwita nyanya kwetu. Kukhu alifurahi sana, ingawa alilitamka jina hilo kama mtu anayepuliza mshumaa.

Mzee Arvid alifariki mwanzoni mwa kiangazi, mahindi yakiwa bado yananifika magotini. Moyo ulisimama akiwa shambani, ndani ya pikapu yake, injini ikinguruma. Walimzika nyuma ya kanisa dogo la barabarani, majirani wakaleta viazi vya kuoka na keki mpaka friji ikakataa kufunga. Halafu kila mtu akarudi kwake. Wiki iliyofuata, adhuhuri, kengele ikalia. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba yetu nikimenya maharagwe, nikainua kichwa. Kukhu alikuwa amesimama chini ya mlingoti na aproni yake, uso ameuelekeza shambani, anangoja. Honi haikuja. Akangoja tena kidogo, akaingia ndani, mlango wa wavu ukagonga nyuma yake.

Ikawa hivyo kila siku kiangazi chote. Mahindi yakanipita kichwa, yakampita Baba, yakawa ukuta pande zote za ua. Kengele ikilia, mbwa wa mzee aliinuka popote alipo akaenda kukaa ukingoni mwa mahindi, mkia ukifagia vumbi. Siku moja nilimfuata. Majani yalikuwa yameanza kukauka na yalikuwa yanasuguana, ule mchakarisho wa mtu anayepita na koti zito. Hapakuwa na upepo. Mbwa akasimama, akatikisa mkia kwa nguvu, akalia ile sauti nyembamba ya furaha. Nilisubiri mtu atokee. Hakutokea mtu, na mchakarisho ukasogea, ukasogea, ukaisha. Sikumwambia yeyote. Nilikuwa mtoto wa kuota ota mambo, na nilijua Mama angesema ni ndoto zangu, au, vibaya zaidi, asingesema hivyo.

Kwani Mama mwenyewe alikuwa anaogopa. Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wazee kwenye mji mdogo wa jirani, vifo alivizoea, lakini hili la kengele lilimshinda. Kwetu, alisema, marehemu huitwa kwa shughuli maalumu, na watu wa ukoo wakiwa wamekaa pamoja. Haitwi kila mchana kwenye viazi. Mtu akiitwa hivyo hatapumzika, na anayemwita atamfuata. Nikaanza kumchunguza Kukhu kwa hofu mpya. Kweli alikuwa anapungua. Aproni ilimzunguka karibu mara mbili. Kila mchana nilimwona akitoka na sahani mbili, akizimwaga zote kwenye bakuli la mbwa, na mbwa alikuwa amenenepa kama ndama. Nilimpenda mama yule. Alinifundisha kukanda unga wa pai, aliniacha nilambe kijiko, hakuwahi kunicheka Kiingereza changu kilipokwama. Nikawa na wazo moja tu kichwani: mahindi yakivunwa, Kukhu ataondoka nayo.

Mama akamtuma Baba akamwombe aache. Baba alienda na kofia mkononi, akarudi bila kumwomba. Baadaye alituambia alikuta meza imeandaliwa watu wawili, chakula kinafuka moshi, na Kukhu amekaa mbele ya kiti kitupu, hali chochote. Kesho yake Baba alikuwa shambani na pikapu ya mzee, kwa kuwa gari letu lilikuwa bovu. Kengele ikalia. Ukimya ule tuliouzoea ukaanza, na hapo ikaja honi kutoka ndani ya mahindi, mara mbili. Kikombe kilimtoka Mama mkononi kikavunjika. Mimi nilitimua mbio uani. Nilimkuta Kukhu ameishikilia kamba kwa mikono miwili, na pikapu inatokeza taratibu kwenye njia ya vumbi. Mlango ukafunguka, akashuka Baba.

Jioni ile Mama hakumpa hata nafasi ya kuvua gambuti.

"Umeitika jina lisilo lako," alimwambia.

"Nimeitikia chakula, Mama Nekesa," Baba akajibu, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Yule mama hawezi kula peke yake. Wewe ungemwacha?"

Mama aliikoroga chai mpaka ikapoa. Kisha akasema haya basi, nenda ukale, lakini kile kiti cha mzee usikikalie, maana anayekikalia hushika nafasi ya marehemu, na ukoo wake haujakaa ukaamua ni nani. Baba alikubali. Na kweli, tangu siku ile, Kukhu akipiga kengele Baba alijibu kwa honi, akavua viatu mlangoni, akanawa, akaingia na ndoo ya kukamulia. Aliipindua chini juu kando ya kiti cha mzee, akaikalia, kidevu karibu na sahani kama mtoto wa shule. Siku ya kwanza Kukhu aliitazama ndoo, akakitazama kiti, akauliza kuna nini. Baba akamweleza. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikidhani atakasirika. Alicheka mpaka akajifuta macho na aproni, kisha akachukua uma, akala.

Lakini bado alikuwa akiutazama ule ukuta wa mahindi, na bado mbwa alikuwa akienda kukaa pale. Mazao yalipokauka, majirani walikuja kama wafanyavyo watu wa kule mwenzao akifiwa: asubuhi moja barabara ilijaa kombaini za kuvunia na malori, kila mmoja ameacha shamba lake, wala hakuna aliyetaka shukrani. Mashine zilinguruma, vumbi la dhahabu likapanda hadi juu ya paa, mahindi yakaanguka mstari kwa mstari. Karibu na adhuhuri ukuta haukuwepo. Kutoka jikoni ungeweza kuona mpaka kanisani. Kukhu akatoka, akashika kamba, na mimi nikamshika aproni bila kufikiri. Alipopiga, mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Nchi yote ilikuwa mabua yaliyokatwa na udongo, na hakuna aliyekuwa amejificha humo. Alitazama muda mrefu. Mbwa naye alitazama, akalala chini. Ndipo pikapu, pale mbali, ikapiga honi mbili.

"Huyo ni Wafula," Kukhu alisema, kwa jina la baba yangu, taratibu kama anayemwelekeza mtu. Akanigusa kichwani. "Mwambie aje na ndoo yake. Leo tuko wengi."

Aliishi miaka mingine kadhaa baada ya hapo. Shamba lilikuja kuuzwa, nyumba zote mbili zikabomolewa, nasi tukahamia Columbia Heights, kando ya Minneapolis, kwenye fleti ya ghorofa ya pili inayotazama maegesho. Ng'ombe hakuna, mahindi ni ya kopo, na madirisha, namshukuru Mungu kwa ajili ya Baba, yanafunguka. Baba aliendesha lori la maziwa mpaka mwisho. Akifika jioni alikuwa na tabia ya kubaki garini akisikiliza habari za nyumbani kwenye simu, na Mama, ugali ukiiva, alifungua dirisha hata kwenye theluji akamwita aje kula. Baba alifariki majira ya baridi yaliyopita. Kiti chake mezani kipo, hakikaliwi. Na Mama, yule yule aliyevunja kikombe, bado anafungua dirisha. Hapigi kelele. Anasema tu, Baba Nekesa, chakula, anangoja kidogo, anafunga.

Niliwahi kudhani ule mchakarisho wa mahindi ulikuwa jambo la kule, tungeuacha kule. Siku hizi ninausikia kwenye mabomba ya joto ukutani, ukisogea, ukisogea, na siogopi kama zamani. Juzi nilirudi kutoka kazini nikiwa nimechoka, nikaegesha pale pale alipokuwa akiegesha Baba, nikazima taa. Theluji ilikuwa inaanguka polepole. Dirisha la juu likafunguka, sauti ya Mama ikashuka, kisha ukaja ukimya ule, ninaoujua kuliko wimbo wowote. Niliweka kiganja juu ya usukani. Nikabonyeza honi, mara mbili.