Siku Koko Aliposikia Kekeo

Nilipokuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Brussels watu walianza kunong'ona. Tonton Déo, mdogo wake mama, alikuwa akipita kila jioni akitoka kazini, wanaongea na mama kwenye ngazi, na Koko, nyanya yangu, akitokea tu, wote wawili wanageukia habari za baridi. Koko hakuuliza kitu. Alikuwa na presha, na alikuwa ametoka Bukavu mwaka mmoja tu nyuma.

Jumapili moja ya Aprili mama akasema twende Auderghem, msituni, tukatazame maua. Hilo nalo lilinitia shaka. Mama hakuwa mtu wa maua, na Jumapili yetu ilikuwa ya kanisa.

Chini ya miti iliyokuwa ndiyo kwanza inachipua, ardhi yote ilikuwa ya buluu, mpaka unaona vibaya kukanyaga. Nikainama kuchuma. Koko akanishika mkono, akaniambia maua ambayo hayakupandwa na mtu yana mwenyewe.

Ndipo kekeo akaita, mara mbili, mbali, kisha karibu. Tulitazama juu hatukumwona. Mama akaeleza kwamba ndege huyo hurudi kila mwaka baridi ikiisha, na wenyeji humfurahia. Koko hakufurahi. Alisema kwao, ndege akiita watu bila kujionyesha, kuna msiba umefichwa nyumbani. Nilimtazama mama, uso ulikuwa umemshuka.

"Ni nani alikufa?" Koko akauliza, polepole.

"Maman, tukae kwanza."

"Wiki mbili niko nangojea museme. Ni nani?"

Alikuwa tonton Célestin, kifungua mimba wa Koko, aliyebaki Bukavu. Walikwisha kumzika. Mama alikuwa amepanga kumwambia palepale, mbali na majirani, na dawa za presha alikuwa nazo mkobani. Koko hakulia. Alikaa juu ya gogo, akauliza nani alimwosha, na kaburi liko upande gani.

Kwa miaka mingi niliamini ndege ndiye aliyemwambia. Siku hizi naona Koko alikuwa amesikia kila mnong'ono wa pale ngazini. Ndege alimpa njia ya kuuliza bila kumwita binti yake mwongo. Sasa nami nina watoto. Ninapowaficha jambo, huwa najiuliza wamelijua tangu lini.