Beseni Nililomwaga Migombani

Mimi nina hasira za karibu, Kibugu nzima inajua. Dada yangu mkubwa aliposema vidonge vinamzidishia maumivu ya tumbo, nilimfokea: "Meza, bwana! Unafikiri hii chai itachumwa na nani?" Akameza. Alikuwa ameanguka shambani akitetemeka mwili mzima, kliniki wakampa vidonge vya kifafa, nami nikakabidhiwa kumsimamia.

Choo kilikuwa mbali kwa mtu mgonjwa, kwa hiyo alitumia beseni. Asubuhi moja nililitoa nje, nikaenda kukamua ng'ombe. Niliporudi, jua lilikuwa limeupiga ule mkojo, umekuwa mwekundu wa kukolea kama damu. Dada hajaolewa, baba ni mzee wa kanisa, na kwa midomo ya majirani zetu hiyo ni mimba imetolewa, basi. Nikaumwaga migombani, nikasugua beseni kwa majivu. Tangu hapo nikawa naumwaga mapema, kabla ya jua. Na kila jioni nilimpa kidonge chake.

Miguu na mikono ilipolegea tukampeleka hospitali kubwa, upande wa Meru. Daktari, mama mmoja mpole, aliniuliza, "Mkojo wake umewahi kubadilika rangi?"

Nikamtazama machoni nikasema, "Hapana, daktari." Mungu anisamehe.

Zikapita siku tatu, vidonge vikiendelea, mpaka muuguzi aliposahau chupa ya mkojo wake dirishani penye jua. Daktari alipoiona imekuwa nyekundu alisimamisha vidonge papo hapo. Alitueleza polepole kwamba ini hutengeneza hemu, kile kitu kinachoipa damu wekundu wake, na ini la dada lilizaliwa na kasoro katika kazi hiyo. Vidonge vikalisukuma lifanye haraka lisichoweza kumaliza. Hemu ikakwama nusu njia, ikarundikana kama majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia siku ambayo lori halikuja, ikawa sumu kwenye mishipa ya fahamu; iliyotoka na mkojo ndiyo jua liliyoigeuza nyekundu.

Tumbo lilipona na miguu ikarudi. Mikono haikurudi.

Mpaka leo mimi ndiye ninayemvalisha sweta na kumshikia kikombe. Juzi, tukinywa uji, aliniuliza, "Kwani nyumbani hukuwahi kuiona ile rangi?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa kukana tena. Nikashindwa. "Niliiona," nikamwambia. "Nilikuwa naimwaga."

Alikitazama kikombe mkononi mwangu. Halafu akafungua mdomo, nimnyweshe.