Mlaji wa Mama

Mume wa mdogo wangu ni mlaji. Sisemi mroho, nisije nikamsingizia bure. Anakaa kitako mbele ya sinia, anakunja mkono wa kanzu, bismillahi, na wali unahama. Kila Ijumaa baada ya sala wanakuja mtaani kwetu Darsait, nyumba ninayokaa mimi na Mama, na kila Ijumaa Mama anakuwa mtu mwengine.

Kwetu wanaume wana sinia lao na wanawake lao. Lakini mkwe ni maharimu wake, basi Mama anatuacha mimi na mdogo wangu, anakwenda kukaa naye. Anamchambulia nyama kwa vidole vyake vilivyoanza kukakamaa, anamsogezea. "Kula, baba. Kula mwanangu, usione haya." Na pilau lile nani kalipika? Mimi! Tangu alfajiri nakaanga vitunguu, machozi yananitoka, nguo zinanuka bizari mpaka Jumapili. Siku ya kusifiwa mpishi sijaiona, anasifiwa anayetafuna. Niseme kweli: nilikuwa nnaona wivu, mwanamke mzima nna miaka hamsini na mbili.

Ijumaa moja nikashindwa kujizuia. Nusu ya sinia ilishakwenda, Mama ananiita niongeze nyama. Nikalibwaga bakuli mbele ya shemeji: "Lo! Hilo tumbo au ghala?"

Sikusema mashallah. Wote walisikia kwamba sikusema. Mdogo wangu akaisema yeye, haraka haraka, mara tatu, na mumewe akacheka. Mama hakucheka.

Jumatatu mdogo wangu akapiga simu. Mumewe tumbo limemkamata, hali kitu, hata chai inarudi. Mama akaweka simu chini, akaniangalia. Halafu akanyanyuka kwa tabu, akarudi na bakuli tupu na birika la maji.

"Nawa."

Maana yake tunaijua sote. Aliyemtia mtu jicho la husuda ananawa, na maji yale anakogeshwa mgonjwa. Ukishanawa, umekiri.

"Mama, daktari kasema kala samaki mbovu kazini!"

"Daktari hakuwepo hapa Ijumaa."

Nikapandwa na hasira, nikayatoa yote. Nani anakupikia? Nani anakukanda miguu, nani anakupeleka kliniki akakaa foleni asubuhi nzima? Yeye kakufanyia nini huyo, zaidi ya kula?

"Ndiyo hilo," akasema Mama. "Kala."

Akakaa kwenye kiti cha jikoni, birika bado analo mkononi.

"Wewe nimekupikia tangu una meno mawili. Sahani yako ikirudi kama ilivyokwenda. Nikikubembeleza, nikikukimbiza uani na tonge mkononi, wewe unasema umeshiba. Umeshiba nini? Nikija humu jikoni nikilia, hujui. Nikisema labda mtoto huyu ananichukia. Yule kaja mtu mzima na ndevu zake, kala chungu changu mpaka ukoko, kaniuliza kama upo mwengine. Sasa mikono yangu haipiki tena. Wacha nimlishe."

Umri wangu wote nilidhani kukosa hamu ya kula ni jambo langu na tumbo langu, halimhusu mtu. Wallahi sikuwahi hata siku moja kumfikiria yeye anayeipokea ile sahani.

Nikakunja mikono ya nguo. Akanimiminia taratibu, nikanawa uso, nikanawa mikono mpaka viwikoni, na maji yote yakaingia bakulini.

"Unanawa kwa nia?" akaniuliza.

"Kwa nia, Mama. Nilimwonea kijicho. Na hivi sasa bado nnamwonea."