Kukua Si Kuvimba

Sokoni walimwita Hakai. Kwenye meza yake ya viatu vya mitumba palikuwa na kigoda kizuri, lakini hakuna aliyewahi kumwona amekikalia. Anauza amesimama, anakula amesimama, akichoka anahamia mguu wa pili. Majirani walidhani ni uchu wa biashara, naye akawaacha wadhani hivyo.

Ukweli ni kwamba akikaa, anajikalia. Tangu uzazi wa mwisho mashavu ya ndani ya uke yalirefuka. Yanasuguana akitembea, yanabanwa akiketi. Zahanati alishakwenda si mara moja, na kila akifika aibu inamsemea: "Huko chini kumevimba." Wanaandika kuvimba, wanampa vidonge, anameza, anarudi kusimama.

Safari hii alimkuta daktari mwanamke, mwenye haraka zake.

"Kumevimba tena, mama?"

"Ndiyo."

"Kuna joto? Maumivu ukigusa? Usaha, muwasho?"

"Hakuna." Akabadilisha mguu. "Dokta, mteja akiniambia kiatu kibaya, namuuliza kibaya vipi, kinabana au kimechanika? Na mimi niulize hivyo."

"Haya, vipi?"

Akasema yote, kwa majina yake, macho ukutani.

Daktari akavaa glavu, akamwangalia taratibu, akachukua na vipimo. Majibu yalipotoka akatikisa kichwa. "Hakuna wekundu, hakuna maambukizi. Hapa hapajavimba, pamekua. Wanawake hatulingani, na kukua peke yake si ugonjwa. Ila kama unashindwa kukaa, lazima niandike hivyo, ndipo uonwe na daktari wa upasuaji. Nikiandika kuvimba, bima itakulipia vidonge tu."

"Vidonge nimeshashiba."

Daktari akaandika: mashavu ya ndani yamekua pande zote mbili, bila dalili za maambukizi, yanamzuia kukaa.

Dirishani alikuwapo karani wa bima, ambaye kazi yake ni kugeuza maneno ya daktari kuwa nambari. Hakuigusa karatasi. Alifungua kompyuta, akaona yaliyoandikwa safari za nyuma.

"Kuvimba kama kawaida, eti shangazi?" Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Toa kidole hapo! Soma. Imeandikwa kukua."

"Kukua, kuvimba, si yale yale?"

Foleni ilikuwa imetega masikio. Hakai akahamia mguu wa pili. Angeweza kunyamaza, alishanyamaza sana.

"Mwanangu, wewe unavaa kiatu namba ngapi?"

"Tisa."

"Njoo kwangu nikuuzie saba. Si yale yale? Ukivae kutwa, jioni unieleze."

Foleni ikaangua kicheko. Karani akaivuta karatasi, safari hii akaisoma mpaka chini, akafuta, akatafuta nambari nyingine.

"Rufaa imekubaliwa," akasema baadaye, bila kuinua macho. "Upasuaji watakuona wiki ijayo."

"Kwa nini si wiki hii?"

"Shangazi, hapa si sokoni!"

Kesho yake mteja mmoja alijaribu viatu, hakuvipenda, akakipigapiga kile kigoda. "Hiki bei gani? Mbona hukitumii?"

"Ungekuja juzi ningekuuzia," Hakai akasema, akakivuta karibu na miguu yake. "Sasa hakiuzwi."