Mtori wa Lilian

Mkwe wangu Sylvanus anaongoza watalii Mlima Meru, na mwaka huu tumbo nusura limfukuzishe kazi. Bosi wake alimwambia wazi: msimu ukianza bado uko hivi, hupandi. Zile kilo zilitoka wapi? Aliyejifungua ni binti yangu Lilian, aliyenenepa ni yeye!

Mimi macho yangu yote yalikuwa kwa mzazi. Kwetu Nkoaranga mzazi anapikiwa mtori, ndizi na nyama zilizopondwa mpaka zinateleza, na sufuria inatakiwa irudi tupu. Ikirudi na kitu, watu watasema mama hajui kupika. Yangu ilirudi tupu kila siku. Nikajisifu mpaka kanisani, nikanunua sufuria kubwa zaidi.

Sylvanus akaenda kliniki. Daktari akamweleza kwamba tumboni tuna bakteria wengi ajabu wanaosaidia kusaga chakula, nao wana saa zao kama sisi. Mlo mzito wa usiku unawavuruga, na mwili unauweka akiba. Kula mchana, akamwambia: maharage, mboga za majani, maziwa mgando.

"Usiku mimi sili kabisa, daktari." Mwongo huyo!

Jioni moja nilisahau mfuniko kwao, nikarudi kuuchukua. Nikamkuta jikoni, sufuria katikati ya magoti, mtori mpaka kwenye masharubu. Akaruka.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Kumbe na wewe unanyonyesha?"

Lilian akatokea na mtoto begani. "Mama, mtori umenichosha. Nikiurudisha utanuna, ndiyo maana ananisaidia."

Nilinuna kweli, na iliniuma. Lakini huyu akikosa kazi, mjukuu wangu atakula nini? Nikatoa amri. Lilian ale anachoweza, kinachobaki naondoka nacho mwenyewe. Sylvanus ale loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando mchana. Jua likizama, maji tu. Akawa ananiita polisi, pembeni lakini.

Msimu ulipofika suruali ya kazi ilimwenea, na bosi akampa kundi la kwanza. Nilifurahi jamani! Nikaenda mpaka geti la mlimani kumuaga. Gauni langu la kanisani lilikuwa limegoma kufunga zipu, nikajifunika khanga. Akaniamkia kwa heshima zote, akaitazama ile khanga.

"Mama," akasema taratibu, "ule mtori unaobaki, ukifika nyumbani anakula nani?"

Nikamwambia watalii wanamsubiri.