Alama za bafa kwenye rangi laini: zilivyokaribia kuninyima mke enzi za Mwingereza

Wakuu, salamu kwenu nyote. Humu ndani naona kila mtu ni mkuu, basi na mie leo mniite hivyo hivyo, kwa umri nadhani nimestahili.

Ninayoyasimulia yalinitokea mwenyewe. Nakaribia miaka tisini, uongo unataka kumbukumbu kali na mie yangu naitunzia majina ya wajukuu.

Jana nilisoma uzi wa kijana mmoja wa Mikocheni anayefanya kazi ya kung'arisha magari. Analalamika kwamba ana gari nyeusi, rangi laini, akiipiga mashine ndani ya banda inang'aa vizuri tu. Akiitoa juani zinajitokeza alama za bafa, yaani za hiyo mashine, vimistari vyembamba vya mzunguko. Kabadilisha kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, kabadilisha pedi ya mashine, kapunguza spidi, bado zipo.

Watu mmemjibu kwa majina ya dawa za bei mbaya. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza kulikoni.

Maana ishu hiyo hiyo iliwahi kunikausha mate, kabla ya uhuru, wengi wenu hata baba zenu hawajazaliwa.

Nilikuwaga kijana wa gereji pale Gerezani. Tajiri wetu alikuwa Singasinga, mtu wa ndevu nyingi na maneno machache. Akaagiza mashine ya umeme ya kung'arishia magari kutoka Ulaya, pamoja na pedi zake za manyoya ya kondoo. Kabla ya hapo tulisugua kwa mkono na matambara, asubuhi mpaka bega linagoma.

Mashine akanikabidhi mie. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa mrefu, nafika katikati ya paa la gari bila kupanda kigoda.

Nikavimba kichwa, siwafichi. Ukinikuta mtaani Temeke ungedhani hiyo mashine nimeiunda mie.

Huko Temeke nilikaa kwa shangazi yangu, Bi Mwanahawa, dada yake baba. Mjane, hakujaaliwa kupata mtoto, kwa hiyo mtoto nilikuwa mie. Usafi wake ulikuwa wa kuogopwa. Kaptula zangu za kaki zilikuwa zinatoka kwake zimenyooka kiasi kwamba makarani wa serikali walikuwa wananiangalia mara mbili.

Pale gereji maji yalikuwa na mafuta mafuta, huwezi kufulia pedi za manyoya. Basi kila nikimaliza gari nazitia kwenye kikapu narudi nazo nyumbani, shangazi ananifulia. Hakuniruhusu hata kushika sabuni. "Mwanamume wa nyumba hii afue, mie niko wapi?"

Sawa. Sasa tuingie kwenye ishu yenyewe.

Nilimwona Rehema kwenye harusi ya rafiki yangu Magomeni. Wakuu, nikaishiwa. Nikauliza huyu wa nani, nikaambiwa wa Mzee Kibwana wa Kinondoni, yule mwenye teksi nyeusi. Kinondoni ya wakati ule ilikuwa minazi na mihogo, nyumba hapa na nyumba kule, na Mzee Kibwana alijulikana kote kwa sababu ya lile gari. Maharusi walikuwa wanalipigania.

Shangazi akatafuta mshenga, akaenda kupeleka posa. Mshenga akarudi anajikuna kichwa.

"Kaniuliza kijana anafanya kazi gani. Nikamwambia anang'arisha magari kwa mashine. Akasema vizuri, Jumamosi gari langu linabeba bibi harusi, na aling'arishe. Jibu la posa nitalitoa nikishaliona gari."

Mie nikacheka. Nikajiona nimeshaoa.

Mzee mwenyewe akalileta gari gereji mwanzoni mwa wiki. Nikatoka mbio, shikamoo mzee, marahaba, hata usoni hakunitazama vizuri. Akanionyesha gari kwa fimbo. "Hilo hapo."

Lilikuwa limepakwa rangi upya karibuni. Rangi za zama zile zilikuwa laini, lakini hii ilizidi. Ukiifuta vumbi kwa kitambaa kikavu imeshachukua mkwaruzo. Na nyeusi tena, rangi isiyokusitiri hata kidogo.

Nikafunga pedi safi, zilizotoka kufuliwa, nikapaka kompaundi, nikawasha mashine. Nikaanza na boneti. Ndani ya banda pakang'aa, najiona sura yangu mpaka meno. Nikamwita Singasinga aje kushangaa.

Akatazama, akasema tu, "Sukuma nje."

Tukalisukuma juani. Lo! Boneti nzima imejaa vimistari. Ukisimama huku vipo, ukihama kule navyo vinahama na wewe, vinazunguka zunguka kama utando wa buibui. Hafifu, lakini ukishaviona huoni kingine.

Hili ndilo gari la mkwe.

Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nikaituhumu kompaundi, nikaichuja kwa kitambaa cha bafta kutoa chembe. Nikarudia. Alama.

Nikasema basi mkono wangu mzito. Nikainua mashine, nikawa kama nambembeleza mtoto alale. Alama.

Nikapunguza spidi. Nikamwaga maji sakafuni kuzuia vumbi, nikafunga madirisha, nikawa natoa jasho humo ndani kama niko ndani ya tanuri la mikate. Alama, wakuu, alama tu.

(Vijana mnaosema "rangi laini haina dawa", na mie nilifikia kusema hivyo hivyo. Ni maneno ya mtu aliyechoka.)

Halafu nikajiambia, pedi hazijatakata. Hapo ndipo nilipozidi kuharibu mambo. Nikarudi Temeke nimenuna, nikamtupia shangazi kikapu.

"Shangazi, hizi hazikutoka sawasawa. Zinaniaibisha kazini."

Masikini, aliumia. Akasema, "Zimekuaibisha? Basi niachie mie. Safari hii utazipenda mwenyewe."

Siku iliyofuata nikafunga pedi alizozifua upya, nyeupe, zimechanuliwa kwa kitana unyoya kwa unyoya. Nikapiga mlango wa kushoto. Tukatoka juani.

Wallahi ilikuwa mbaya kuliko boneti.

Singasinga akakaa juu ya tairi. Akaniambia kesho kama hali ni hii anamwita mwenye gari aje alichukue. Nikaona posa yangu inapita mlangoni na kwenda zake. Nikawaza jinsi mshenga atakavyojikuna tena kile kichwa, na Rehema ataambiwa nini. Siwadanganyi, machozi yalinilengalenga, kijana mrefu hivyo.

Bado paa. Pedi za shangazi zote nilishazitumia na zimelowa. Nikakumbuka kuna pedi moja kuukuu inaning'inia nyuma ya mlango wa stoo, haikuwahi kufika Temeke hata siku moja. Singasinga mwenyewe aliifua kwake siku mashine ilipokuja, akaitundika, ikasahauliwa. Nikaikung'uta, nikaifunga, kwa kukata tamaa tu.

Nikapiga paa. Tukasukuma nje.

Safi! Paa jeusi tii, jua limetulia juu yake kipande kimoja, hakuna hata unywele.

Nikazunguka gari kama mwehu. Paa safi, boneti alama. Rangi ile ile, kompaundi ile ile, mashine ile ile, mkono wangu huu huu. Kilichobadilika ni pedi. Na pedi chafu kidogo ndiyo iliyofanya vizuri, zile zilizofuliwa zikatakata ndizo zinazochora!

Singasinga akaichukua moja ya zile za nyumbani, akaisugua kwenye ukucha wa kidole gumba, akaipeleka puani. Akaniuliza, "Nyumbani kwako nani anafua? Anafuaje?"

Nikaomba ruhusa nikakimbia. Nimefika Temeke mchana ule, nampita jirani hata salamu sijaitikia, namkuta shangazi uani ameinamia sufuria. Anakoroga.

Wanga.

Wanga wa muhogo, wakuu. Ule wa kutilia kanzu na shuka ili zisimame. Kwa shangazi yangu hakuna kitu kilichoanikwa kambani bila kupita kwenye wanga. Mapazia, foronya, leso za mkononi, na pedi zangu za manyoya ya kondoo. Alikuwa akizichovya, akizikausha, halafu anazichanua kwa kitana mpaka kwa mkono huwezi kujua. Ila ukizifunga kwenye mashine inayozunguka, kila unyoya una ncha ngumu, na ule wanga unavunjika chembe chembe ndani ya kompaundi. Kwenye rangi ngumu pengine usingeona kitu. Kwenye rangi laini ya Mzee Kibwana ilikuwa kama kupiga msasa.

Na mie nilipomlalamikia, aliongeza wanga!

Nikakaa chini kwenye kizingiti nikacheka mpaka nikakohoa. Yeye akasimama na mwiko wake, hajui acheke au akasirike.

"Shangazi, hizi hazitaki wanga."

Nikamweleza. Akaweka mwiko chini taratibu, akasema, "Mwanangu, kazi yako ndiyo wataitazama wale watu. Ningeachaje itoke kwangu imelegea? Waseme huyu kijana hana kwao?"

Nilikuwa nimejiandaa kulaumu. Sikuweza. Nilimpenda yule mama saa ile hata kifua kikajaa, nikamshika mikono yenye uji wa wanga nikamwambia, "Nina kwetu, shangazi. Tena sana."

Alilia kidogo, halafu akanifukuza. "Haya toka, kateke maji, umeshanichelewesha na wewe!"

Tukazisuuza pamoja, maji baada ya maji, tunakamua mpaka yanatoka safi bila utelezi. Hakutia hata tone la kitu. Ilimuuma, niliona, kuzianika zikiwa zimelegea vile mbele ya majirani.

Ijumaa nililirudia gari lote. Kompaundi kidogo sana, mashine uzito wake wenyewe bila kukandamiza, pedi inakung'utwa kila baada ya kipande. Nikafuta kwa kitambaa laini chenye unyevu. Tukasukuma nje na Singasinga akatazama, akazunguka, akatikisa ndevu. Kwake hayo ndiyo makofi.

Jumamosi asubuhi Mzee Kibwana akaja. Hakuingia bandani. Akataka liwekwe juani, akaanza kupita upande huu, upande ule, anainama, anafumba jicho moja. Mie namfuata kwa macho kila hatua. Akafika boneti akasimama kabisa.

Akatoa leso akajifuta uso. Akasema, "Gari hili sijawahi kuliona hivi hata siku niliyolinunua."

Nikasema ahsante mzee. Nikangoja. Akafungua mlango, akaingia, akawasha gari. Mwanangu we! Nikaona anaondoka. Nikajikaza nikauliza, "Mzee, na lile jibu?"

"Jibu gani? Ah, lile." Akaweka mkono dirishani. "Binti mwenyewe alishakubali siku ile ile mshenga alipokuja. Mama yake naye kakubali. Mie ndiye niliyezuia. Ningekujibu mapema, ungenipigia poleshi namna hii?"

Akaondoa gari, anacheka peke yake mpaka kona.

Nilitaka kukasirika, wakuu, nikashindwa. Wiki nzima sijala vizuri, kumbe nilishakubaliwa zamani!

Sasa kijana wa Mikocheni, nimekuzungusha lakini nisikilize. Rangi laini haikuchokozi bure. Kabla hujanunua dawa nyingine, kata jambo moja moja: chukua pedi ambayo haikupita mkono ule ule, jaribu kipande kidogo, kitoe juani. Ukikuta pedi safi ndizo zinazochora, kauliza zinafuliwa na nini na zinakaushwa wapi. Siku hizi si wanga, ni sabuni za unga na madude ya kulainishia nguo, lakini kubaki ndani ya pedi yanabaki vile vile.

Na ukishamjua anayekufulia, nenda taratibu. Huenda amekutilia mapenzi yake yote humo.

Nimemsomea mke wangu, Rehema yule yule, haya yote kabla sijayatuma. Anasema nimeacha jambo moja. Anasema wiki ile baba yake alimkataza asithubutu kuniletea habari, na yeye ndani anahesabu siku tu, maana kwake gari liwe na alama, lisiwe na alama, angekuja kwangu.

Haya, mafundi na wasio mafundi, uwanja wenu. Nani mwingine kazi yake imewahi kuharibiwa na mtu anayempenda? Tiririkeni, nasoma kwa miwani lakini nasoma zote.