Arlene Achagua Mtaa wa Kelele

Arlene Nowicki hakuwa mtu wa kuchaguliwa kitu. Enzi za saluni yake kule Toledo, Ohio, mteja aliingia akitaka nywele nyekundu, akatoka na za kahawia, akashukuru na kuacha bakshishi. Mume alimchagua mwenyewe. Jeneza la mume pia alichagua mwenyewe, maana marehemu alikuwa na ugonjwa wa kupenda rangi ya chungwa, na angeachiwa nafasi angezikwa akionekana kama karoti. Basi alipouza nyumba na kushuka Florida kutafuta mtaa wa kuzeekea ndani ya Palmetto Glen, hakuja kuomba ushauri. Alikuja na kofia ya majani, miwani ya jua, na bakuli la kioo lenye mfuniko.

Palmetto Glen ni mji mzima wa wastaafu, na mitaa yake imepewa majina utadhani ni chupa za manukato. Wajukuu huruhusiwa kutembelea kwa siku chache, kama jamaa za wafungwa. Huko watu hawatumii miguu. Kila mtu ana kigari cha gofu, hata yule asiyejua fimbo ya gofu inashikwa upande upi. Kigari cha kwenda kanisani, kwa daktari, kwenye densi, kwa jirani wa pili kuomba sukari. Ukionekana unatembea bila mbwa, vigari vitasimama kukuuliza kama umepata ajali.

Dada yake mkubwa, Bernadine, aliishi huko siku nyingi, mtaa wa Magnolia, upande wa zamani. Macho ya Bernadine yalikuwa yakimtoroka polepole: katikati ukungu, pembeni anaona. Kukaa nyumba moja haikuwa jambo la kuzungumzwa. Walijaribu wakati Bernadine alipoachwa na mumewe, wakadumu mpaka siku walipogombania namna ya kukunja taulo. Kwa hiyo Arlene alitaka mtaa mmoja tu duniani: ule ambao Bernadine angeweza kuja mwenyewe na kigari chake kula kwa Arlene, bila kuletwa na mtu. Alimjua dada yake. Akilazimika kuletwa, haji. Na Arlene alishaona mwisho wa njia hiyo. Mteja mzee huanza kwa kutokuja saluni, halafu anaacha kujichana, halafu wewe ndiye unaitwa kwenda kumchana, na safari hii kalala ndani ya sanduku.

Bakuli lilikuwa kipimo chake. Bernadine ndiye aliyejua kupika pierogi za bibi yao Mpolandi, zile sambusa za kuchemsha za viazi na jibini. Arlene alizichota za moto jikoni kwa dada yake, akazijaza bakulini, akalipakata ndani ya kigari cha dalali, akasema, "Endesha. Zikifika zimepoa, nyumba hiyo siitaki."

Dalali aliitwa Tripp. Alikuwa na meno meupe kuliko inavyomlazimu binadamu. Alianza na mtaa wa Heron Bay, nyumba mpya kando ya bwawa. Akakunjua ramani.

"Dada yako huyu hapa, Bi Arlene. Wewe utakuwa hapa. Mtapungiana mikono asubuhi."

Kwenye ramani ilikuwa kweli. Lakini njia ya vigari ilizunguka bwawa, ikazunguka uwanja wote wa gofu, ikapita chini ya barabara kuu na kurudi tena. Ukingoni mwa bwawa mamba alikuwa anaota jua. Arlene akafunua bakuli, akaonja: zimepoa.

"Mkono nitampungia. Chakula ataleta nani, yule mamba?"

"Yule hasumbui mtu."

"Mume wangu naye hakusumbua mtu, na pierogi hazikuwahi kufika mezani akiwa jikoni."

Mtaa wa Orchid Walk ndio uliomteka. Milango ya gereji ilikuwa wazi, majirani wamekaa humo kwenye viti vya kukunja, glasi mkononi, wanasengenya kwa utulivu. Mama mmoja alimwuliza nywele zake anapaka rangi gani, Arlene akajua amefika kwa watu wake. Na pierogi zilifika zinaunguza ulimi. Tripp akatoa kalamu.

"Weka kalamu mfukoni," akasema Arlene. "Kesho Bernadine ataniendesha mwenyewe mpaka hapa. Akifika, nasaini."

Kesho yake Bernadine alikuwa na habari.

"Betri ya kigari imekufa."

"Jana ulisema inachajiwa."

"Ilikuwa inachajiwa ikafa. Hata watu hufia hospitali."

Arlene hakubishana. Alienda kufungua gereji. Kigari kilikuwepo, kimelala na tairi moja chini. Waya wa kuchajia ulining'inia ukutani umejaa vumbi, na buibui alikuwa amejenga toka usukani mpaka kwenye kiti, nyumba ya vyumba kadhaa, bila dalali.

Nyuma yake Bernadine alisimama mlangoni na aproni yake.

"Tangu lini?" Arlene akauliza.

"Pasaka. Niligonga sanduku la barua la jirani yangu Myrtle, likang'oka na nguzo yake. Nikamwambia ni paka."

"Paka gani anang'oa nguzo?"

"Macho ya Myrtle ni mabovu kuliko yangu. Aliamini."

"Na dukani unafikaje?"

"Naagiza. Kanisani nasema nina mafua. Nimekuwa na mafua tangu Pasaka, wameanza kuniombea."

"Kwa nini hukusema, Bernie?"

Bernadine alivuta aproni, akaikunja vibaya. "Hapa ukisema huendeshi, kesho wanakuletea vipeperushi vya nyumba ya wazee."

"Na hapa ni wapi?"

"Hapa ni mji wa wastaafu. Ni tofauti."

Kupitia mlangoni Arlene alilitazama bakuli lake kwenye meza ya jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Ohio akajiona mjinga. Wiki nzima alikuwa anapima mtaa kwa magurudumu, kumbe mlaji hana magurudumu. Hiyo hali haikumkaa sana. Alivaa kofia.

"Vaa viatu. Tunaenda Orchid Walk kwa miguu."

"Watu watatuona."

"Ndiyo maana nimevaa kofia nzuri."

Mwanzo ulikuwa mwema. Kisha wakafika kipilefti. Vigari vya umeme vinakuja bila sauti, kama wakwe, na kila ukigeuka kipo kingine. Bernadine alitanguliza mguu, akaurudisha. Akatanguliza tena, kengele ikalia puani kwake, mzee mwenye kaptura ya maua akapita akiinua kofia. Bernadine akashika mkono wa dada yake kwa nguvu.

"Basi," akasema Arlene. "Turudi."

"Nunua ile ya bwawa. Utanitembelea wewe."

"Sijaja kukutembelea. Nimekuja tuishi."

Walirudi Magnolia polepole. Wakikaribia nyumbani, Bernadine aliinua kichwa ghafla, akaachia mkono, akakata kushoto nyuma ya nyumba, kwenye kinjia cha kokoto kati ya ua wa michongoma na uzio. Alitembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Arlene ilimbidi akimbie kidogo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu. Nakuja huku kila asubuhi. Husikii?"

Arlene akasikia. Tok, tok, tok-tok. Viwanja vya pikliboli, yule mtoto wa nje wa tenisi na mpira wa meza, ambaye wazee wa Palmetto Glen wanamcheza kama wamelipwa. Bernadine akafuata sauti mpaka kwenye benchi, akakaa bila kupapasa.

"Huyu wa kushoto ana pigo zito," akasema. "Simwoni, lakini namsikia anavyojidanganya."

"Nimekusikia, Bernie," akasema mzee mmoja uwanjani.

"Nilikusudia usikie, Lyle."

Kwa hiyo mwanamke mwenye mafua tangu Pasaka alikuwa na benchi lake na maadui zake. Arlene aligeuza shingo. Nyuma ya benchi, ng'ambo ya kinjia, kulikuwa na nyumba ndogo yenye mlango wa rangi ya chungwa na kibao cha kuuzwa kilichopauka kwa jua. Akapiga simu.

"Tripp, hii ya kwenye viwanja mbona hukunionyesha?"

Upande wa pili ukakohoa. "Ile nilikuonea huruma, Bi Arlene. Mipira inagongwa toka asubuhi mpaka jioni. Mwenye nyumba wa mwisho alihamia kwa mama mkwe wake kwa hiari."

"Mimi nimezeeka katikati ya mashine za kukausha nywele zinazonguruma, na wanawake wanapiga kelele kuzishinda wakisimulia waume. Leta kalamu. Leta na ufunguo."

Bernadine alikuwa amesikia. "Usininunulie nyumba mbovu kwa ajili ya huruma."

"Huruma gani? Sijui kupika pierogi na sipendi kula peke yangu. Nenda kachemshe. Nitakuwa ndani nakusubiri, na sitatoka kuja kukuchungulia."

Alitimiza. Alisimama katika sebule tupu, Tripp akizungumzia vioo vizito vya kuzuia sauti, yeye ametegea sikio kokoto tu. Tok-tok huko nje. Lyle akapoteza pointi, akalalamika. Halafu hatua, zikasimama, zikaja tena. Kitu kikagonga mlango chini, kama kiatu.

Arlene akafungua. Bernadine alikuwa amekumbatia bakuli, jasho puani, kioo kimejaa mvuke.

"Huu mlango ni wa rangi gani?"

"Ya chungwa."

"Mbaya sana. Nimeuona toka mbali."

"Tripp," akasema Arlene, akipokea bakuli, "andika mlango usiguswe." Kisha akakumbuka kwamba ndani hakuna hata uma, wakala kwa vidole, wamesimama.